Risiti Namba 114

Nyumba yetu ina vitanda sita; cha saba ni deni.
Iko nyuma ya kinu cha posho, barabara ya Shianda,
na mabati yake yalikuwa ya kijani
enzi kiwanda kilipotoa moshi na mishahara.
Siku hizi kinachochemka Mumias
huchemkia vichakani, usiku, ndani ya mapipa,
na mimi, mweka hazina nisiye na hazina,
nahesabu vidonge kwa ncha ya kisu.

Nimeandika barua. Mungu anajua nimeandika.
Afisi ya kaunti ilijibu kwa simu: bajeti imeshasomwa, mama,
rudi mwezi wa saba.
Nilirudi mwezi wa saba.
Aliyesema hivyo alikuwa amehamishiwa Malava.

Shirika moja la Nairobi lilituma fomu ya kurasa kumi na tisa.
Ukurasa wa kumi na moja wauliza:
*Taja walionufaika, kwa asilimia.*
Wetindi amelala usiku mzima bila kuona siafu ukutani.
Hiyo ni asilimia ngapi?
Nechesa aliomba kioo, akajitazama,
akakirudisha taratibu, kama mtu arudishaye mtoto wa jirani.
Nikiweke wapi kioo hicho,
kwenye "matokeo" au kwenye "mengineyo"?

Msikitini walitupa magunia mawili ya mchele.
Kanisani, maombi na sabuni. Sikatai, sabuni iliisha vizuri.
Harambee ya Desemba ilileta elfu nane na mia tatu
pamoja na ahadi, zilizosomwa kwa kipaza sauti,
zikapigiwa makofi,
zikarudi nyumbani na wenyewe.

Omba pesa za mazishi uone:
mifuko hufunguka hata kabla hujamaliza kulia.
Jeneza halikosi mfadhili.
Lakini huyu anayepumua, anayezungumza na dari?
"Si alijitakia?" husema, wakitafuta chenji.
Nami humeza mate. Hufunga kitabu.

Alhamisi, umande ukiwa bado majanini, akaja Rasoa.
Rasoa watu humjua kwa pua kabla ya macho:
miaka ishirini ya molasi na kuni mbichi,
miaka ishirini ya askari kuja kumwaga
na kuondoka wakipangusa midomo.
Hakuketi. Alifungua pindo la leso,
noti zikatoka zimejikunyata, zanuka.
Elfu tatu, mia nne na hamsini.

"Nimeuza mapipa," akasema. "Yote manne, na ule mrija wa shaba.
Kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu.
Nimeyatoboa matako kwanza, asije akayauza kwa Anjelina."

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Okwaro, akakohoa,
akavua miwani, akaivaa tena.
"Hela hizi, dada, zina damu."

Rasoa akatazama kitanda cha nne.
Kizito wake, kitinda mimba, alikuwa ameketi pale
amekalia viganja vyake
visitetemeke mbele ya mamake.

"Ndiyo," akasema. "Yangu."

Hakuna aliyeongeza neno. Kinu cha posho kilinguruma,
kikanyamaza, kikanguruma.
Nikachukua kalamu.
*Nimepokea kutoka kwa:* Rasoa Namulanda.
*Jumla ya shilingi:* nikaandika kwa maneno, zote, hata hamsini.
*Kwa ajili ya:* hapo wino ukagoma.
Nikaichovya ncha ulimini, nikaandika: kitanda cha nne, siku tisa.
Kaboni yetu imechakaa; nakala ilitoka hafifu,
lakini ukiielekeza dirishani inasomeka.

Aliikunja, akaifunga palepale penye pindo,
mahali pesa zilipokuwa.
Mlangoni akageuka.
"Na ya kumi?"

Usiku huu nimerudi kwenye ile fomu.
Taa ya sola imebakiza mstari mmoja mwekundu.
Kwa Kizito kule ndani nasikia kikombe kikigonga meno,
kikigonga, kisha kikituliaa, kisha maji yakishuka kooni.
Ukurasa wa kumi na moja.
Nimejaza: tisa.
Alama ya asilimia sikuiweka.